Benchi la Katikati: Kabla Hujaikata Boti Yako ya Alumini

Msomaji mmoja wa mtaa wa Keshero, hapa Goma, ameniandikia hivi: "Mzee fundi, pokea salamu zangu za heshima. Nimenunua boti ya alumini ya mkono wa pili, yenye urefu wa mita 4.20, iliyoungwa kwa ribiti (pini za kugongewa), pamoja na moteri ya nguvu ya farasi 15. Ninataka kuitengeneza mwenyewe uani kwangu: kuondoa benchi la katikati ili nipate nafasi, kuweka sakafu ya tripleksi (plaiwudi), kujenga jukwaa la mbele la kusimama ninapotupa ndoana, na kufunga taa za kuvulia samaki wadogo wa sambaza usiku. Chini inavuja kidogo. Jirani yangu analehemu milango ya chuma, naye yuko tayari kunisaidia. Nianzie wapi, na nijihadhari na nini?"

Ndugu yangu wa Keshero,

Kazi unayotaka kuifanya inawezekana kabisa uani, kwa zana za kawaida, na sina nia ya kukukatisha tamaa. Lakini katika barua yako kuna jambo moja lililonifanya niweke kalamu chini kwanza, nalo ni hilo benchi la katikati, ambalo umelitaja kana kwamba ni kiti tu. Nitaanzia hapo na nitakaa hapo kwa muda, kwa sababu mengi ya yale mengine uliyouliza yanategemea utakavyolitendea benchi hilo.

Boti ya ukubwa wa boti yako hutengenezwa kwa bati jembamba, kwa kawaida la milimita moja na nusu hadi mbili. Bati la namna hiyo halina nguvu likiwa peke yake. Nguvu yake hutokana na mikunjo iliyotiwa kiwandani, mataruma, yaani mihimili iliyolala chini, na mabenchi yaliyopigwa ribiti katika mbavu za pande zote mbili. Benchi la katikati ni kama mtambaapanya wa nyumba, ambao hakuna anayeuona kuwa na kazi mpaka siku unapoondolewa na kuta zikaanza kuachana. Ukilikata, boti haitavunjika siku hiyo. Itaanza kupumua: bati litaingia na kutoka kidogo kila wimbi linapopita, ribiti za chini zitalegea moja baada ya nyingine, na baada ya msimu mmoja au miwili utaona nyufa kando ya mataruma usijue zimetoka wapi. Sisi wa Goma tunapaswa kulijali hili zaidi, kwa kuwa Ziwa Kivu lina urefu wa karibu kilomita 90 kutoka kusini hadi kaskazini, nasi tumekaa kwenye ncha ya kaskazini. Upepo wa kusini unapovuma wakati wa kiangazi, ingawa kisiwa cha Idjwi hukinga sehemu ya ziwa, mawimbi yanayotufikia huwa yamepata nafasi ndefu ya kukua.

Kazi ya pili ya benchi haionekani hata kidogo. Ligonge kwa kiganja: ndani yake kuna povu gumu, na povu hilo ndilo linaloizuia boti kuzama. Mtumbwi wa mti ukijaa maji bado unaelea, na mvuvi anaweza kuushikilia mpaka apate msaada. Alumini, hata kama tunaiona nyepesi mkononi, ina uzito wa mara 2.7 wa maji ya ujazo uleule, kwa hiyo boti ya alumini isiyo na povu ikijaa maji huzama kama sufuria. Huko Marekani, ambako boti nyingi za aina hii hutengenezwa, sheria inawataka watengenezaji waweke vifaa vya kuelea ndani ya boti za moteri zenye urefu wa chini ya futi 20, yaani mita 6 hivi. Boti yako inaonekana kuwa ya jamii hiyo, na mabenchi yake ndiyo yaliyobeba vifaa hivyo. Nimeona watu wengi wakitupa benchi na povu lake jalalani bila kujua kwamba wametupa kile ambacho kingewaokoa.

Tufanye hesabu pamoja, maana hesabu hii unaweza kuirudia kwa vipimo vyako mwenyewe. Tuseme mwili wa boti una kilo 95. Alumini iliyozama hubakiza karibu asilimia 63 ya uzito wake, kwa hiyo unahitaji kubeba kilo 60. Moteri ya farasi 15 ya mizunguko miwili ina karibu kilo 36 hadi 40, ihesabu yote. Betri ya risasi ya ampia-saa 100 ina karibu kilo 27. Ongeza kilo 10 za nanga na zana, kisha kilo 50 kwa ajili ya watu wanaoning'inia kando, ambao miili yao tayari inaelea sehemu kubwa. Jumla inakaribia kilo 187. Lita moja ya povu jepesi hubeba karibu kilo moja, basi unahitaji lita 190 kwa uchache, na mimi ningekwenda hadi 250, kwa sababu povu huzeeka na mizigo huongezeka. Sasa pima mabenchi yako: benchi lenye urefu wa mita 1.20, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 25 lina lita 90. Mabenchi matatu yanatoa lita 270. Ukiliondoa la katikati unabaki na 180, na tayari umevuka mpaka kabla hujaongeza ubao hata mmoja.

Ushauri wangu, basi, ni kuliacha benchi mahali pake na kujenga sakafu mbele na nyuma yake. Utapoteza nafasi ya hatua moja. Ikiwa ni lazima liondoke, lipe kila jukumu lake mrithi kabla ya kukata: jenga masanduku membamba ya alumini kando ya mbavu zote mbili, kuanzia benchi la nyuma hadi la mbele, uyajaze povu, kisha weka taruma nene kukingama chini ya sakafu, lenye pembetatu za kulishikamanisha na mbavu kila upande. Masanduku hayo yana faida moja ambayo benchi halina. Povu likikaa juu, karibu na ukingo wa boti, boti iliyojaa maji hubaki imesimama sawasawa. Povu likirundikwa lote chini ya sakafu, boti iliyojaa maji hutafuta kugeuka tumbo juu. Kwa hiyo usijidanganye kwamba lita ni lita popote zilipo.

Kabla ya kuliamini povu la zamani, fungua tundu dogo upande wa chini wa kila benchi ulitazame. Povu la boti iliyokaa miaka mingi kwenye mvua mara nyingi huwa limeshiba maji, na benchi la lita 90 lililoshiba nusu linabeba kilo 45 za bure. Ukikuta limelowa, litoe lote. Badala yake unaweza kutumia mbao za povu gumu lenye vitundu vilivyofungwa, zile za buluu au waridi zinazotumiwa na wajenzi. Frigoliti nyeupe ya kupakilia redio na televisheni inakubalika ikifungwa vizuri kwa plastiki nene, lakini esansi (petroli) huiyeyusha kama chumvi ndani ya maji, hivyo iwe mbali na tanki. Na kama huna pesa ya povu, usione haya kutumia bidoni za plastiki zilizofungwa vifuniko vizuri na kukazwa ndani ya masanduku zisitembee. Bidoni ya lita 20 inabeba karibu kilo 19. Chagua nyingi ndogo kuliko chache kubwa, ili moja ikitoboka usipoteze kila kitu.

Sasa nije kwenye kuvuja, ambako ndiko kazi yenyewe ya mikono inapaswa kuanzia. Weka boti juu ya matairi mazee au magogo, yakiwa chini ya mataruma na si chini ya bati tupu, kisha mimina maji ndani mpaka kimo cha sentimita tano. Usizidishe: sakafu ya mita 3.50 kwa 1.20 yenye maji ya kimo hicho tayari imebeba zaidi ya kilo 200. Lala chini utazame, na kila panapodondosha tia alama ya chaki. Mara nyingi utakuta ribiti kumi au ishirini zilizolegea, ambazo unaweza kuzitambua hata pakiwa pakavu kwa pete nyeusi inayozunguka kichwa chake. Ribiti iliyolegea haihitaji kulehemiwa. Mtu mmoja ashike nyundo nzito ya kilo mbili ikikandamiza kichwa cha ribiti kwa nje, na mwingine aigonge kwa ndani kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, pole pole, mara nne au tano. Ile isiyokaza itobolewe na kuondolewa, na mahali pake ipigwe ribiti mpya ya alumini, ya aina iliyofungwa ncha ili maji yasipite katikati yake, ikiwa imepakwa gundi ya poliurethani ya boti. Jihadhari na ribiti za bei nafuu zenye kiini cha chuma, kwa sababu kiini hicho hubaki ndani na kuoza.

Ufa ni jambo tofauti. Toboa tundu la milimita tatu kwenye kila ncha yake ili usiendelee, kisha funika kwa kiraka cha bati la alumini lenye unene uleule, gundi katikati, ribiti pembeni. Kiraka kisitoke kwenye sufuria za kusubu za sokoni: hizo hutokana na alumini chakavu iliyoyeyushwa pamoja na vipande vya moteri, na ndani yake mna madini mengine, shaba ikiwa mojawapo, ambayo hayapatani na maji.

Hapo ndipo ninapomfikia jirani yako. Mshukuru kwa moyo wake, na umwombe asaidie kuinua boti na kukata mbao, lakini asiiguse kwa vijiti vyake vya kulehemu. Simkosoi ufundi wake. Tatizo ni kwamba alumini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660, wakati ngozi yake nyembamba ya nje, ile oksaidi ambayo huilinda isiliwe na hewa, haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 2,000. Anayelehemu kwa mashine ya milango ataunguza ngozi bila kufanikiwa, na ghafla bati lote la chini litadondoka likiacha shimo la ukubwa wa ngumi. Kazi hiyo inataka mashine ya gesi ya agoni na mkono uliozoea bati jembamba, na hata ikifanywa vizuri bati lililo kando ya mshono hupungua nguvu. Boti iliyoungwa kwa ribiti ni vyema itengenezwe kwa ribiti. Mwombe pia asisugue alumini kwa brashi ya waya aliyotumia kwenye chuma, maana chembe za chuma hubaki zimepachikwa na kuanza kulila bati.

Habari hiyo ya metali kulana nataka uielewe kwa undani. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji huwa betri, na metali moja hujitoa mwili kwa ajili ya nyingine. Alumini ikikutana na shaba, risasi au chuma cha kawaida, inayoliwa ni alumini. Maji yetu yanaharakisha jambo hilo kuliko maji ya mvua au ya mto, kwa kuwa maji ya juu ya Ziwa Kivu yana chumvi za madini zinazokaribia gramu moja kwa kila lita, na pH yake inakaribia 9, yaani yana asili ya magadi. Ile ngozi ya oksaidi hudumu vizuri zaidi kati ya pH 4 na 8.5 hivi, nasi tumeupita ukingo huo kidogo. Boti haitaliwa kwa sababu ya kuvua ziwani tu, lakini kosa dogo ambalo kwenye maji mengine lingechukua miaka mingi kuonekana, hapa huonekana mapema. Katika miaka yangu ya mwanzo nilimfungia mteja pampu ya maji ya ngama, yaani yale yanayokusanyika chini ndani ya boti, kwa skrubu za shaba, nikijivunia jinsi zilivyong'aa. Kabla mwaka haujaisha, bati lililozunguka kila skrubu lilikuwa limegeuka unga mweupe, na kidole kiliweza kulitoboa. Nilimlipa gharama, na tangu siku hiyo sifungi kitu kwenye alumini bila kujiuliza kwanza ni metali gani.

Kwa hiyo tumia bolti za inoksi (chuma kisichoshika kutu), zipakwe gundi, na chini ya kila rondela weka kipande cha plastiki au mpira. Misumari ya kawaida isiingie kabisa. Risasi za nyavu, vipande vya waya wa shaba na sarafu zisiachwe zikilala kwenye ngama. Kila jioni chukua dakika moja kupapasa chini. Usiioshe boti kwa majivu wala kwa soda ya kutengenezea sabuni, ambayo huiyeyusha alumini mbele ya macho yako. Vilevile kataa mbao zilizotiwa dawa ya kijani ya kuzuia mchwa, kwa sababu dawa hizo nyingi zina shaba.

Hilo linatuleta kwenye sakafu. Kipande kizima cha tripleksi, cha mita 1.22 kwa 2.44, chenye unene wa milimita 12, kina karibu kilo 21. Cha milimita 18 kina 32. Vipande viwili vya milimita 18 ni uzito wa mtu mzima ambaye hatashuka kamwe. Chagua milimita 12, au hata 9 kama mataruma yako yamekaribiana, na usitumie mbao za mkaratusi, ambazo ni nzito na hujipinda. Kata sakafu katika sehemu tatu au nne zinazotoka kwa mkono, zipake resini ya epoksi pande zote na hasa kwenye kingo zilizokatwa, kisha zilaze juu ya mataruma zikishikwa na vibanzi vya pembeni. Usipitishe skrubu hata moja kwenye bati la chini. Najua wengi hupenda kugundisha zulia juu ya sakafu ili miguu isiteleze, lakini zulia hushika maji siku nzima na kuyabana dhidi ya alumini, na chini yake bati huliwa kimyakimya. Mchanga mkavu ulionyunyiziwa kwenye rangi mbichi ya sakafu unatosha kuzuia utelezi. Acha mfereji wazi katikati ili maji ya ngama yaende nyuma kwenye tundu la kutolea maji.

Tanki la esansi lisifungiwe chini ya sakafu. Wewe ni mtu wa Goma, kwa hiyo sina haja ya kukueleza sana: unajua jinsi mazuku, ile gesi ya kuua inayotoka ardhini, inavyolala mabondeni bila kuonekana, kwa kuwa ni gesi nzito kuliko hewa. Mvuke wa esansi nao ni mzito kuliko hewa, hutambaa na kutulia kwenye ngama, na cheche moja ya swichi inatosha kuulipua. Tanki likae mahali pa wazi penye upepo. Na kwa kuwa nimeitaja mazuku, usichimbe shimo la kuingia chini ya boti ili kurahisisha kazi. Katika baadhi ya viwanja vya Keshero na Himbi shimo kama hilo linaweza kukusanya gesi usiku, na anayelala chini asubuhi kukaza ribiti asiamke. Inua boti juu badala ya wewe kushuka.

Jukwaa la mbele ninalikubali kwa masharti. Mtu wa kilo 75 akisimama kwenye sakafu, boti ndogo humvumilia. Mpandishe sentimita 30, naye anapoyumba boti huyumba naye kwa nguvu zaidi, na hasa pale anapotupa ndoana mwili ukiwa umepinda upande. Jukwaa lisizidi kimo cha benchi la mbele, na chini yake pasiwe ghala la vitu vizito, ila povu au jile za uokoaji. Likikamilika, sukuma boti kwenye maji ya kifuani siku ya utulivu, wawili wenu msimame upande mmoja, mwingine apime kutoka ukingo hadi maji. Kwa boti ya ukubwa huo mimi siridhiki na chini ya sentimita 20. Ikipungua, shusha jukwaa. Hapa kwetu hatujasahau tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipopinduka karibu na bandari ya Kituku ikiwa imepakia watu kupita kiasi, na wengi wakafa huku nchi kavu ikionekana. Boti yako ni ndogo, lakini sheria ya uzito uliopanda juu au kuhamia upande mmoja haibadiliki. Wamarekani wana kanuni rahisi ya kukadiria idadi ya watu: urefu kwa futi mara upana kwa futi, gawanya kwa 15. Boti yako, ikiwa na upana wa mita 1.60, inapata watu 4 hivi. Andika namba hiyo kwa rangi karibu na moteri, na usiizidishe hata kwa shemeji.

Ubao wa nyuma unaobeba moteri ugonge kwa nyundo ndogo. Ukilia kwa sauti ya kukauka ni mzima. Ukitoa sauti ya boga, umeoza ndani, na lazima ubadilishwe kwa tripleksi mbili za milimita 18 zilizogundishwa kwa epoksi. Kuhusu nguvu ya moteri, kumbuka kwamba ziwa letu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Moteri hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, hivyo farasi wako 15 ni kama 13 hapa. Usitafute moteri kubwa zaidi kwa sababu hiyo, kwa maana uzito wake utaizamisha nyuma. Mwambie fundi wa moteri apunguze jeti ya kabureta, kwa sababu hewa nyembamba huifanya moteri inywe esansi kupita inavyohitaji, na ufunge helisi (mapanga yanayosukuma boti) yenye hatua fupi zaidi kwa inchi moja.

Taa za sambaza ni sehemu rahisi kuliko unavyofikiri. Taa tatu za LED za wati 20 zinakula ampia 5 kwenye volti 12. Usiku mmoja wa kazi ya muda wa saa tisa unamaliza ampia-saa 45, na betri ya risasi ya ampia-saa 100 haipaswi kushushwa chini ya nusu. Imetosha, lakini bila ziada. Betri ikae kwenye sanduku lenye tundu la hewa, chini kabisa, karibu na katikati. Nyuma tayari kuna moteri, tanki na wewe mwenyewe. Fyuzi iwe ndani ya sentimita 18 kutoka kwenye betri. Kila taa iwe na nyaya zake mbili, ya kwenda na ya kurudi, za milimita za mraba 2.5, na kamwe usitumie mwili wa boti kama waya wa kurudi jinsi inavyofanyika kwenye gari, kwa sababu umeme unaopita kwenye bati lililo majini hulitafuna haraka kuliko shaba yoyote.

Usijaribu, hata hivyo, kuigeuza boti hii kuwa kama ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, ambayo wavuvi wetu huitumia kuinua wavu wa sambaza huku wakiimba. Mitumbwi ile ni ya mti mnene, na miti mirefu huhamishia uzito wa wavu kwenye kingo zake bila madhara. Ukiifunga miti hiyo kwenye ukingo wa bati la milimita mbili, usiku mmoja wa mawimbi utaukunja. Tumia boti kubeba taa na kuwapelekea wenzako, au kuvulia kwa wavu mdogo wa mkono.

Rangi haina haraka. Chini ya mstari wa maji alumini haihitaji rangi. Ndani paka kijivu hafifu kisichorudisha jua machoni, juu ya rangi ya msingi iliyotengenezwa kwa ajili ya alumini; ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu ya milango si yake. Kitu kinachohitaji ulinzi zaidi kuliko rangi ni mkuku, ule uti wa chini wa boti, kwa kuwa ufuko wetu ni lava, na lava hukwangua bati kama msasa. Piga ukanda wa alumini nene juu ya mkuku wote, na usiivute boti juu ya mawe: ibebeni watu wanne, au iletwe kwa chukudu (kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili) mpaka majini, ipumzike juu ya matairi.

Kabla ya kufunga moteri kwa mara ya kwanza, fanya jaribio la mwisho mahali penye mchanga na maji ya kifuani. Funga kilo 40 za chuma chakavu kwenye ubao wa nyuma badala ya moteri, weka kilo 30 nyingine za chuma mahali pa betri, kisha jaza boti maji mpaka ukingoni na uiachie. Ikibaki sawa, na ukingo wake ukiwa juu ya maji hata kwa vidole vinne, endelea na kazi. Nyuma ikizama huku mbele ikitazama juu, povu limepungua nyuma: ongeza masanduku mawili ya lita 20, moja kila upande wa moteri, juu kadiri uwezavyo, kisha urudie jaribio.